Maziwa ya Tupokigwe

Mdogo wangu Tupokigwe alikuwa na ng'ombe mmoja, na kila ikifika Kwaresima maziwa ya ng'ombe yule alikuwa haonji. Mnyakyusa mzima, mzaliwa wa Kinyala, amekuzwa na maziwa ya mgando tangu hajaota meno, anakaa na kibuyu ndani ya nyumba na hakigusi! Nyama hali. Chai anakunywa kavu. Ndizi anachemsha hivi hivi, anakula mara moja jioni kama mfungwa. Watu wa huku Lufingo walikuwa wanamcheka, wanasema huyu mama anagombana na tumbo lake mwenyewe.

Sasa amelala pale kwenye migomba, nyuma ya nyumba yake, na mimi bado nipo na magoti yangu haya. Watu wananiuliza habari zake, hasa hawa watoto wa kanisani. Wanataka niwaambie alikuwa mtakatifu. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja, na alikuwa mke mwenzangu. Nitasema jinsi ilivyokuwa, anayetaka mtakatifu akamtafute kwingine.

Nilipomzaa Jairo, mtoto wangu wa kwanza, nilichanika vibaya. Nikalala kitandani mvua yote ya mwaka ule. Nikamwomba mama anipe Tupokigwe aje kunipikia uji na kuniogesha. Akaja, msichana ana kifua kama maembe machanga, anaimba huku anatwanga. Alinipikia vizuri, siwezi kusema uongo. Nilipopata nguvu ya kutoka nje, nikakuta ng'ombe wameshapelekwa kwetu Kinyala na baba ameshapokea. Mume wangu Meshaki kamwoa.

Wazee wakaniambia usilie, hii ni desturi, mdogo anamfuata dada, heri damu yako kuliko mgeni atakayekuloga. Desturi! Mimi natoka damu kitandani, wao wananitafutia desturi. Hiyo desturi yenyewe ilitaka mimi niulizwe. Hakuna aliyeniuliza. Meshaki hakuniuliza, baba hakuniuliza, na huyu niliyemwita mwenyewe kwa mdomo wangu aje kunipa uji, naye hakuniuliza.

Sikugombana naye. Kugombana ni kazi, na kazi nilikuwa nazo tayari. Nilikata chombo tu. Kwetu watu wenye neno hawali chombo kimoja. Siku wakila chombo kimoja, neno limekwisha, hata mtoto anajua. Basi tangu mwaka ule mimi na Tupokigwe hatukula chombo kimoja. Watoto walikula pamoja, Meshaki alidonoa huku na kule kama kuku, sisi wawili hapana. Nyumba mbili, migomba katikati.

Kanisa nalo likamtoa. Sisi ni Wamoraviani, na wakati ule mke wa pili alikuwa haruhusiwi Meza ya Bwana mume akiwa hai. Mimi mke mkubwa naingia, nakula mkate, nakunywa kikombe. Yeye ikifika saa ya meza anatoka nje na wenzake waliozuiliwa. Alibatizwa mtoto, akafundishwa, akala meza mara chache za usichana wake, halafu basi. Akawa mama wa watoto, akawa bibi, bado anatoka nje.

Mama yetu alipokaribia kufa, mchungaji alimletea meza kitandani. Tulikula wote waliokuwepo, hata shangazi yetu mlevi. Tupokigwe alikuwa jikoni anachochea kuni. Moshi umejaa, anakohoa. Mama akauliza, "Na Tupo yuko wapi?" Mchungaji akafunika kikombe chake. Baadaye Tupokigwe akaniambia, tukiwa tunaosha maiti, "Dada, mimi hiyo meza nitaila kabla sijafa." Nikamwambia shika mkono wa mama vizuri, unauachia.

Meshaki akafa miaka ile maduka yalipoanza kujaa sabuni na sukari, watu wanashangaa kama wameona mzimu. Mfukoni hamna kitu lakini dukani kimejaa, ndo enzi ya ruksa hiyo, kila kitu kinaruhusiwa. Tulipomaliza matanga, Tupokigwe akaenda kwa wazee wa kanisa kuomba kurudishwa. Wakamwambia vizuri, mume hayupo tena, kizuizi kimekwisha. Asome mafundisho, afunge Kwaresima, halafu karibu na Pasaka wataita watu wa nyumbani waulizwe kama kuna neno. Kukiwa na neno, haendi.

Mtu wa nyumbani ni nani? Ni mimi.

Mwaka wa kwanza mzee wa kanisa, mzee Ambilikile, akaniuliza, "Mama Jairo, una neno na mdogo wako?" Nikasema, ninalo. Akarudishwa nyuma. Mwaka uliofuata, ninalo. Na mwingine. Mimi nilikwenda mezani miaka yote hiyo na hakuna aliyenifunga mlango. Mwenye kosa alikuwa anajulikana.

Sasa kanisani walikuwa wanafundishwa kwamba ulichojinyima wakati wa kufunga, usikifiche kabatini, mpe mwenzio. Tupokigwe akawa anajinyima maziwa na kuniletea mimi. Kila asubuhi ya Kwaresima, mvua inanyesha, ukungu mpaka huoni mgomba, namsikia anakuja na matope yake.

"Hodi, dada."

"Weka hapo."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Nimekuletea maziwa."

"Nimeyaona."

"Dada, nisamehe basi."

"Mlango unaingiza baridi."

Anaweka kibuyu, anaondoka. Nilikuwa na mbwa anaitwa Ruksa, kwa sababu alikuwa anaingia nyumba yoyote. Maziwa nilimpa Ruksa. Mbwa yule alinenepa mpaka watu wakawa wananiuliza ananyonya nini. Tupokigwe alimwona. Kesho yake akaleta tena. Ruksa alipokufa nikawa namwaga kwenye shina la mgomba.

Mtu ataniambia nina roho ngumu. Ninayo. Ndiyo iliyonilimia shamba.

Mwaka ninaotaka kusema ni ule Kwaresima ilipoingia pamoja na Ramadhani. Tupokigwe alikuwa ameanza kuvimba miguu. Akichuma chai mistari miwili anakaa chini, tenga mgongoni kama amebeba mtu. Usiku nasikia kikohozi chake kinavuka migomba. Hata mtu asiyesoma aliona kwamba huyu hana Kwaresima nyingi mbele. Yeye mwenyewe alijua, kwa sababu siku moja aliniomba nimsindikize sokoni Makandana kununua kitambaa cheupe cha kichwani. Cha kuvaa mezani. Hajaruhusiwa, ananunua kitambaa! Nilikwenda kwa sababu na mimi nilikuwa nahitaji chumvi.

Pale Makandana kulikuwa na Mwanaamina, mama wa Kiislamu anauza vitambaa na mitumba, mdomo wake mrefu kuliko foleni ya ushirika ya zamani. Alimkuta Tupokigwe amekaa juu ya robota la nguo anahema.

"Mama, unaumwa?"

"Nimefunga tu."

"Na wewe? Haya, leo soko zima lina njaa. Ila nyie funga yenu sielewi. Maji mnakunywa, chai mnakunywa, hiyo si funga, hiyo ni kuchagua mboga."

Tupokigwe akacheka mpaka akakohoa. "Na nyie mnashinda njaa mchana, jioni mnakula kwa wiki nzima."

"Wallahi umesema kweli! Mume wangu kila Ramadhani mkanda unamkataa." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mkubwa, umefunga nini?"

"Mlango," nikasema.

Mwanaamina akanitazama, akamtazama Tupokigwe, akaelewa zaidi ya nilivyotaka. Akatoa kitambaa cheupe kutoka chini kabisa ya rundo, kizuri, akampa. Akasema, "Hiki cha arusi. Mungu akupokelee." Tupokigwe alikikunja akakiweka kifuani, na njia yote ya kurudi alikuwa anakishika kuona kama kipo. Mimi nilikuwa mbele na chumvi yangu. Mvua ilitupiga mpaka nyumbani.

Halafu shemeji yetu Erasto akafa, kaka yake Meshaki, hapo hapo ng'ambo ya mto. Kifua. Alikohoa mwaka mzima. Tukaenda msibani, sisi wajane wa kaka yake, tukakaa na wanawake kwenye turubai lililotoboka. Ng'ombe akachinjwa. Kwetu ng'ombe wa msiba si chakula tu. Kila nyumba ya ukoo inapewa fungu lake kwenye jani la mgomba, na unalila pale pale watu wanakuona. Ukikataa, wanaanza kuulizana unajua nini juu ya kifo. Kwa nini anaogopa nyama? Ameweka nini? Nyumba zimevunjika kwa fungu la nyama lisiloliwa.

Likaja fungu langu, nikaanza kula. Likaja la Tupokigwe, nyama na ndizi juu yake. Akalitazama. Akachukua ndizi moja, nyama akaiacha.

Nilisema moyoni, huyu mpumbavu. Kula tu, Mungu ataelewa. Lakini hakula.

Nsajigwa, mdogo wa marehemu, alikuwa anapita na wenzake. Amekunywa kimpumu tangu asubuhi, macho mekundu. Akasimama.

"Shemeji. Nyama ya kaka yangu ina nini?"

"Haina kitu, shemeji. Nimefunga."

"Umefunga! Kila mtu hapa amefunga?" Akageuka kwa watu. "Nauliza jamani, kuna mtu mwingine hapa amefunga nyama ya kaka yangu?"

Wanawake wakaacha kutafuna. Ile kelele ya msiba, unaijua, ya vyombo na watoto, ikazima. Tupokigwe akaweka mkono kwenye nyama, akautoa. Akila, Kwaresima yake imekwisha, na mwaka huu alikuwa ameapa kwa mchungaji kwamba ataimaliza nzima. Asipokula, jioni ile ile jina lake litakuwa linatembea Lufingo nzima kwamba kamla shemeji yake, na nani atampeleka mchawi mezani?

Sikufanya kwa huruma, watu wasinipambe. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka na mvua, na yule mlevi simpendi tangu zamani. Nikavuta jani la Tupokigwe mbele yangu, nikachukua nyama yake nikatia mdomoni.

"Nsajigwa," nikasema huku natafuna, "kaka yako amekufa kwa kifua. Mji mzima tulimsikia anakohoa isipokuwa wewe, kwa sababu kilabuni hakusikiki. Nyama hii nyumba yetu inaila. Unaona? Nameza. Nenda kakae."

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo. Nsajigwa akaondoka anatukana mvua. Nikaendelea kula, nyama ngumu, meno yenyewe haya. Na Tupokigwe, pole pole, akanyoosha mkono kwenye jani lile lile akachukua ndizi. Akala. Mkono wangu na wake kwenye jani moja. Bibi mmoja nyuma yetu akapiga makofi mawili madogo, akasema, "Ndaga. Ndaga fijo." Akiwa anashukuru.

Nikajua nimeharibu. Lakini nyama ilikuwa bado ipo, na huwezi kumwachia Nsajigwa.

Mzee Ambilikile alikuwa amekaa na wanaume, ameona yote.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi tukaitwa kanisani, mimi na mdogo wangu. Kile chumba cha nyuma chenye harufu ya mishumaa na popo. Mchungaji alikuwa mpya, kijana wa Mbeya mjini, viatu vinang'aa na matope yote yale, sijui alipitia wapi. Mzee Ambilikile anatabasamu kama aliyeozesha.

"Mchungaji," akasema, "mwaka huu hatuna haja ya kuuliza. Hawa mama wamekula jani moja msibani, mimi shahidi. Neno limekwisha."

Tupokigwe akainamisha kichwa. Kile kitambaa kilikuwa kinachungulia kifuani. Miguu yake imejaa kwenye kandambili kama mikate iliyoumuka.

Ningeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi kabisa, ningenyamaza tu na kila mtu angekwenda nyumbani.

"Mzee Ambilikile," nikasema, "mimi nilikula nyama. Kusamehe nilikuambia lini?"

"Lakini mama Jairo, jani moja! Wewe unajua maana yake."

"Najua. Na nilikuwa namfukuza mlevi. Neno ninalo."

Mzee akashika kichwa. Mchungaji akauliza, taratibu, Kiswahili cha kitabuni, "Mama, je, unamsamehe dada yako?"

"Mdogo wangu. Simsamehe."

"Hata neno moja? Sema tu, nimesamehe."

"Mbele ya Mungu? Mnataka nidanganye kanisani?"

Mchungaji akafunga Biblia yake. Nikasikia Tupokigwe anavuta pumzi, ile ya mtu anayeinua tenga zito. Hakulia. Alianza tu kusimama, ameshazoea, anatafuta ukuta wa kushika. Akasema, "Ndaga, mchungaji. Mwakani, basi."

Mwakani! Na miguu ile.

"Kaa chini," nikamwambia. Akakaa. "Mchungaji, bado hujamaliza kuuliza. Uliza kama yeye ameniomba msamaha."

"Ameomba?"

"Kaomba mpaka nimechoka kusikia. Kila Kwaresima, kila asubuhi, mlangoni kwangu. Ananiletea maziwa ambayo hanywi. Nilimpa mbwa. Mbwa amekufa kwa unene, yeye bado analeta. Msibani kaona nyama mbele ya watu wenye macho mabaya, hakula. Sasa wewe umesoma. Mtu akiomba na mwingine akakataa, kosa la kukataa ni la nani?"

Yule kijana akatazama viatu vyake. Mvua inapiga bati. Akasema, "Ni lako, mama."

"Haya. Basi anayezuiliwa ni mimi. Yeye aingie."

Mzee Ambilikile akaruka. "Mama Jairo! Wewe uko mezani tangu enzi za mkoloni!"

"Ndo maana nimeshiba."

"Dada," Tupokigwe akasema, "si lazima ufanye..."

"Sikukuuliza. Unaitaka meza au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi nyamaza."

Wakaandika hivyo. Nyumbani Jairo wangu alikasirika, akaniambia, mama unatuaibisha, watu watasema umefukuzwa kanisani uzeeni, si useme tu umesamehe yaishe? Nikamwambia kitanda nilichochanikia kukuzaa wewe bado kipo chumbani, nenda kakiulize.

Siku ya Pasaka, alfajiri, tulikwenda makaburini kama kawaida yetu, tarumbeta mbele, tunaimba, jua linatoka nyuma ya ukungu. Halafu tukarudi kanisani. Tupokigwe amevaa kile kitambaa cheupe, kimelowa kidogo tu kwa mvua. Ikafika saa ya meza. Mzee Ambilikile akanitazama kama anasema kaa tu, hakuna atakayeona. Nikasimama. Viungo vililia mpaka wa kwaya waligeuka. Nikatoka.

Nje, chini ya dirisha, kuna jiwe ambalo wanakalia waliozuiliwa. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Jiwe limelainika, lina bonde katikati kama kiti. Nilikaa miaka yote kanisani sikujua jiwe hilo linatazama wapi. Linatazama choo. Choo cha kanisa na kipande cha shamba la chai. Mdogo wangu kakaa hapo ujana wake wote na uzee wake, anasikiliza wimbo wetu kupitia dirishani na kutazama choo. Hakuwahi kuniambia.

Nikasikia wanaimba. Nikasikia mchungaji anasema yale maneno, tena polepole, halafu kimya cha watu wanaotafuna. Kikohozi cha Tupokigwe nakijua hata katikati ya watu mia. Alikohoa mara moja, karibu na mbele.

Walipotoka alikuja moja kwa moja nilipo. Uso wake ulikuwa wa kawaida tu. Watu wengine wakirudishwa mezani wanang'aa kama wamepakwa mafuta, yeye alionekana kama mtu aliyetua mzigo na bado mgongo unauma. Akakaa na mimi kwenye jiwe. Bonde lile lilimfaa yeye kuliko mimi.

"Ilikuwaje?" nikauliza.

"Mkate mdogo."

"Umekuwa mdogo. Zamani walikuwa wanakata vizuri."

Akavua kitambaa, akakikunja.

"Dada, umenisamehe?"

"Hapana."

"Haya." Akatikisa kichwa, hakushangaa. "Kesho nitakuletea maziwa."

"Kwaresima imekwisha. Maziwa ni yako sasa, kanywe."

"Ng'ombe anatoa zaidi ya ninavyoweza kunywa."

Nilitazama kile choo. Magoti yalikuwa yananiuma, na njia ya nyumbani ni mlima mtupu, na yeye asingeweza kuupanda bila kushikwa. Nikasimama, nikampa mkono ajivute.

"Lete basi," nikasema. "Lakini usiyatie maji. Na uje mapema, mimi chai yangu sisubirishi."